Kila Njia Ilikuwa Inapanda

Wageni walipokuja kuwafundisha madaktari na wauguzi wetu magonjwa ya watu wanaopiga mbizi, mimi nilikuwa mpishi wao, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuwa karibu. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wageni ya mapadri, juu ya kilima, upande wa kwenda Kamembe. Kazi hiyo niliipata tulipovuka mpaka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, mimi na mdogo wangu wa kiume na wadogo wetu wawili wa kike. Wazazi wetu walibaki kule, katika vita ile ya kwanza. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa sekondari. Baada ya hapo somo langu likawa sufuria.

Siku hizo vita ya pili ilikuwa imeanza ng'ambo. Ndege za askari zilikuwa zinatua Kamembe mpaka sahani zinatetemeka kabatini, na ziwani watu walikuwa wanavuka kwa chochote kinachoelea, mizigo juu ya mizigo. Boti zilikuwa zinazama. Shirika fulani lilikuwa limeahidi kuleta wapiga mbizi wa kuondoa mabaki ya boti karibu na bandari, na kabla hawajafika lilitaka wauguzi wa huku wajue la kufanya kama mmoja wao akitoka majini mgonjwa. Ndiyo maana walikuja walimu wawili wazungu: daktari mwanamke mzee, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanamume, na kijana mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mbizi na kuwauguza wapiga mbizi wenzake. Walifundisha katika chumba cha kulia chakula. Kati ya chumba hicho na jiko langu kulikuwa na dirisha la kupitishia sahani. Nilisikia kila kitu na sikuelewa karibu chochote.

Kilichonichanganya kwanza ni bahari. Makaratasi yao yote yalikuwa ya bahari. Kulikuwa na picha ya kitu kama mfuko wa nailoni chenye nyuzi, wakasema kinachoma kama moto. Kulikuwa na samaki mwenye miiba ya sumu. Muuguzi mmoja wa Bugarama, Mwislamu wa makamo, ndiye alikuwa anawatafsiria wenzake ambao Kifaransa cha wageni kiliwapita.

"Sasa tunasoma nyoka ya bahari," alisema.

"Huyo nyoka atafikaje huku?" akauliza muuguzi mwanamke aliyekaa karibu na dirisha langu. "Atapanda basi ya Bujumbura?"

"Akifika kwa mupaka batamurudisha. Hana kitambulisho," yule mtafsiri alijibu.

Walicheka, na daktari mzee alipotafsiriwa akacheka pia. Akasema wawasamehe, makaratasi yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani, wageuze ukurasa. Kisha akaniomba chupa mbili za bia. Ya kwanza aliifungua polepole, kifuniko kikatoa pumzi kidogo, bia ikatulia. Ya pili aliitikisa na kuifungua ghafla, povu likamwagika mpaka sakafuni. Alisema damu ya mpiga mbizi ni kama hiyo. Akiwa chini, maji yanambana, na hewa anayoivuta inaingia ndani ya damu na kujificha. Akipanda haraka, inatoka kama povu, inaziba njia za damu, inauma kwenye viungo, na ikiingia kwenye uti wa mgongo miguu inakufa.

Nilipiga deki ile bia. Nilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kusikiliza kuliko wengi waliokaa kwenye viti.

Mdogo wangu alikuwa anapiga mbizi. Tajiri mmoja alikuwa amezamiwa na boti yake iliyojaa mabati na mashine za kusaga, nayo ililala kwenye mteremko chini ya maji, si mbali na ufuko. Alitafuta vijana wanne. Kompresa ya kujazia magurudumu ya gari iliwekwa juu ya mtumbwi, ikafungwa mpira mrefu wa kupitisha hewa, na ncha ya mpira huo kijana aliiuma kwa meno. Alijifunga chuma kiunoni, akashuka, akafunga kamba kwenye mabati, wenzake wakavuta. Walifanya hivyo kutwa nzima. Nilikuwa nimemkataza mara nyingi. Alikuwa amenipita urefu na ndevu zimeanza kumtoka; kumkataza kulikuwa kama kuuambia mlango.

Jioni ile nilipompakulia chakula nilimweleza habari ya bia.

"Hiyo tunaijua, Yaya," alisema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Juzi bega ilikuwa inaniuma sana, kama meno. Nikarudi chini. Ikaisha."

"Ikaisha kabisa?"

"Kabisa. Nilipofika tu kwa mabati, ikaisha."

"Na ulipopanda?"

"Ikarudi kidogo." Alitafuna. "Bakubwa ba kazi banasema hiyo ugonjwa inakaa chini. Ukipanda nayo, unarudi kuiacha kwenye uliiokota."

Wadogo zetu wa kike walicheka, kwa sababu alilisema hilo kama mtu aliyesahau kofia yake mahali. Mimi sikucheka. Lile jambo lilikuwa na maana na halikuwa na maana, yote kwa wakati mmoja.

Kesho yake, wakati wa chai, nilimwomba muuguzi wa Bugarama aulize habari hiyo ya kurudi chini. Alikwenda kwa daktari mzee, wakazungumza kwa muda, akarudi na kikombe chake.

"Anasema hapana. Asirudi mu maji. Akishuka, ile povu inabanwa, maumivu inapotea. Lakini anavuta hewa ingine. Akipanda, inakuwa mingi kupita ya kwanza."

"Sasa dawa yake ni nini, Papa?" nilimuuliza, kama tunavyowaita akina baba.

"Iko chumba ya chuma. Banamufungia ndani, banasukuma hewa kwa nguvu mpaka mwili inafikiri iko chini ya maji."

"Kwa hiyo banamurudisha chini."

Alinitazama. Akaweka kikombe, akaenda kuuliza tena, akarudi.

"Ndiyo. Banamurudisha chini. Lakini ni mahali pakavu, na banamupandisha polepole."

"Na hiyo chumba iko wapi?"

"Kwa bahari," alisema, na safari hii hakucheka.

Nilimwambia mdogo wangu aache. Alisema yamebaki mabati machache na mashine moja, kisha ataacha. Ningemwambia nini? Kwamba daktari amesema kurudi chini ni kubaya, ila kurudi chini ndiyo dawa?

Siku mbili baadaye, karibu na saa ya chakula cha mchana, mtoto wa jirani alikuja mbio kuniita. Nilimkuta mdogo wangu ufukweni amelazwa kwenye kanga ya mtu. Alikuwa amepanda akiwa mzima, wakamsaidia kuingia mtumbwini, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema kuna mshipi umemfunga tumboni. Kisha akasema miguu yake imelala. Wenzake watatu walikuwa wanabishana. Wawili walitaka kumfunga chuma na kumrudisha majini, na mpira ulikuwa tayari mkononi mwa mmoja.

"Ataiacha chini, itaisha," huyo alisema. "Mimi mwenyewe niliiacha."

Nilisimama kati yao na maji. Sikuwa na uhakika. Nilisimama tu.

Watu wa ngobyi walifika. Kila kilima cha kwetu kina kikundi cha ngobyi: mtu akiugua, wanaume wa jirani wanamweka kwenye kile kitanda cha kusuka na kumbeba mabegani, na kesho wengine watawabeba wao. Sisi tuliotoka Kongo tulikuwa tumepokelewa kikundini hivi karibuni tu. Wale wanaume sikujua mwaka ule mbaya wa mauaji walikuwa wapi, nao hawakujua sisi tulikuwa nani. Hakuna aliyeuliza. Walimfunika mdogo wangu blanketi, wakaingiza mabega. Mzee aliyekuwa mkubwa wao alinong'ona kwamba huyu amepewa sumu, kazi ya mabati ina wivu, atapishwe kwanza kwa majani. Nilimwomba ampeleke kwenye nyumba ya wageni.

"Kwa nini siyo hospitali?"

"Wa hospitali wote wako kule, Mzee. Wanasoma."

Njia ya kutoka ufukweni inapanda moja kwa moja. Pale chini nilikuwa nimembana vidole vya miguu naye akasema anasikia. Katikati ya kilima alianza kulia kama mtoto, akisema mgongo unapasuka. Tulipofika juu nilimbana tena. Hakusikia. Sijui kama ni kule kupanda, au ni mtikisiko, au ni muda tu uliokuwa umepita. Nimeirudia njia ile kichwani mara nyingi na bado sijui.

Wauguzi walikuwa wanakula. Waliondoa sahani, wakamlaza mezani, juu ya kitambaa changu cha meza. Walikuwa na mtungi mmoja mdogo wa oksijeni wa kufundishia, wakamvalisha maski. Daktari mzee alimchoma kwa pini taratibu kuanzia kifuani kushuka, akaweka alama ya kalamu kwenye ngozi pale ambapo hakusikia tena. Kisha akawaita wanafunzi wake, mmoja mmoja, na kila mmoja alimchoma na kumuuliza.

Mdogo wangu alisogeza maski. "Yaya, hawa batu bote banasomea kwa miguu yangu?"

"Rudisha hiyo kitu," nilisema.

"Basi balipe minerval," alisema, kama mwalimu anayedai karo ya shule.

Wengine walicheka, na muuguzi mwanamke aligeuka akapangusa macho. Mimi nilitaka kuwafukuza wote. Lakini mikono yao ilikuwa mizuri, na walikuwa wanafanya hasa yale niliyowasikia wakiyakariri. Walimwekea mrija, mkojo mwingi ukatoka, kwa sababu hata hilo hakuweza kulifanya mwenyewe tena. Baada ya muda kwenye ile hewa alisema kidole gumba kinawasha. Daktari mzee akanyoosha mkono juu, darasa likasogea. Kidole kilisogea. Mtungi ulikuwa umebaki nusu.

Hapo walimu wakaanza kugombana. Muuguzi wa Bugarama alisimama karibu nami akanitafsiria kwa sauti ya chini, na wakati mwingine alisahau kutafsiri kwa sababu naye alikuwa anashangaa.

Kijana alisema ndege ndogo ya shirika iko Kamembe, wampeleke kwenye chumba cha chuma kule pwani, afike kabla ya usiku, maana asipoingia mle hatatembea. Daktari mzee alisema ndege ile haifungi hewa ndani, nayo lazima ipite juu ya milima; kumpandisha huko ni kuifungua ile chupa ya bia mara ya pili. Kijana akasema atampa oksijeni njia nzima. Daktari mzee akasema njia nzima ni ndefu kuliko mtungi. Mtu mmoja akataja hospitali kubwa ya Kigali. Mwingine akamkumbusha kwamba barabara ya Kigali inapanda msitu wa Nyungwe, juu sana, mahali ambapo hata wenye afya wanavaa makoti kwa baridi. Kila njia ya kutoka kwetu ilikuwa inapanda.

"Isipokuwa ya kwetu," alisema muuguzi wa Bugarama kwa Kiswahili, kama anajisemea. Kisha akalisema kwa Kifaransa.

Bugarama iko bondeni, chini sana kuliko ziwa. Alieleza kwamba kituo chake cha afya kina kitanda, na kwamba kiwanda cha saruji kina mitungi mikubwa ya oksijeni ya kuchomelea chuma, na shemeji yake anafanya kazi huko. Kijana alishika kichwa. Alisema hewa ya kuchomelea si ya watu. Daktari mzee alisema hewa ni ileile, mitungi ndiyo haikaguliwi kwa ajili ya watu. Kijana akauliza kama angempa mwanawe. Yule mama alimpa mgongo. Akaja kwangu.

"Wewe ni mama yake?" aliuliza kwa kupitia muuguzi.

"Mimi ni dada yake mkubwa. Wazazi hawako."

"Basi ni wewe wa kuamua."

Nilimuuliza ni nani kati yao wawili anayejua. Muuguzi alisita kabla ya kutafsiri, nikamwambia aseme hivyohivyo. Daktari mzee aliketi kando yangu. Alisema amewahi kuona watu walioruka na ndege wakapona, na walioruka wakapooza. Alisema hesabu zao zote ni za mtu anayetoka majini akiwa usawa wa bahari, na ziwa letu lenyewe liko juu mlimani, kwa hiyo hata hesabu zinamwambia nusu tu. Kijana alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Walikuwa wamekuja kufundisha, na sasa walikuwa wanatazama sakafu kama sisi.

Mzee wa ngobyi alikuwa bado mlangoni na watu wake.

"Bugarama?" alisema. "Mwanangu, mgonjwa hutoka Bugarama kuja huku. Umeona wapi mgonjwa akitoka huku kupelekwa Bugarama? Kule ni mbu. Batasema umeenda kumutupa."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu mtu akizidiwa hupandishwa: kwenda mjini, kwenda Kigali, kwenda kwa wakubwa. Kumshusha mtu kwenye mashamba ya mpunga ni kama kumwambia kwamba umechoka naye. Nilifikiria ndege, na jinsi watu wangesema dada yake alimtafutia ndege. Kisha nikamwinamia mdogo wangu. Maski ilikuwa imejaa ukungu.

"Unataka nini?" nilimuuliza.

"Usinipandishe tena, Yaya."

Hilo tu. Haikuwa hoja ya kidaktari. Labda alikuwa anaogopa yale maumivu ya njia ya ufukweni, na labda yale maumivu hayakuhusiana na kupanda hata kidogo. Lakini kati ya yote niliyosikia siku ile, hilo ndilo pekee nililolielewa.

"Tunashuka," nilisema.

Mapadri walitoa kamioneti, gari lao dogo la mizigo. Barabara ya Bugarama hupanda kidogo kwanza kabla haijaanza kuteremka, na katika kipande hicho nilijilaumu kwa kila kona. Muuguzi alishika maski, muuguzi mwanamke alishika mtungi, mimi nilishika kichwa. Kisha barabara ikaanguka. Hewa ikawa nzito na ya moto, masikio yakaziba, tukaona mpunga chini, kijani mpaka kwenye milima ya Kongo, na majani ya kando ya njia yakiwa meupe kwa vumbi la saruji. Mtungi uliisha tukiwa bado njiani. Muuguzi aliendelea kuishika maski.

Kituoni, shemeji wa muuguzi alikuwa ametutangulia na mitungi miwili mirefu kwenye mkokoteni. Tulisimama tukiitazama. Hakuna aliyejua jinsi ya kuunganisha maski yetu na kichwa cha mtungi kilichotengenezwa kwa ajili ya moto. Ndipo gari la pili likafika, na yule kijana aliyekuwa anapinga akashuka na sanduku lake la vifaa. Hakutusalimu. Alinusa mpira, akautupa, akatoa wake, akakata, akafunga, akafungua ile hewa usoni pake mwenyewe kwanza na kuivuta kwa muda. Kisha akamvalisha mdogo wangu.

Kozi ilimalizikia Bugarama. Daktari mzee alilileta darasa zima, wakakaa kwenye madawati nje ya kituo, na kila mmoja alikuwa na zamu kando ya kitanda. Nami nikawapikia, kwenye jiko la mke wa muuguzi, wali kila siku. Asubuhi walimchoma kwa pini na alama za kalamu zikashuka: kutoka tumboni mpaka nyonga, kutoka nyonga mpaka paja. Mguu wa kulia ulirudi kwanza. Siku mrija ulipotolewa naye akakojoa mwenyewe, alitaka kila mtu aambiwe, hata mke wa muuguzi.

Kisha akapata homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Darasa likagawanyika tena: wengine walisema ni lile povu limeingia mahali pengine, wengine walisema ni hewa ya kiwandani. Walimchukua damu. Ilikuwa malaria. Mzee wa ngobyi, ambaye alikuwa amekuja na watu wawili kututembelea, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, alikaa kando ya kitanda na hakusema "nilikuambia". Aliuliza tu kama anakula. Nilikuwa nimekwepa milima nikampeleka kwa mbu, kama alivyosema. Na miguu ilikuwa inarudi, kama alivyosema daktari. Sikujua nimshukuru nani na nijilaumu kwa lipi.

Walimu walipoondoka, niliwauliza swali moja la mwisho: lini naweza kumrudisha nyumbani, maana nyumbani ni kupanda. Kijana alisema siku chache zinatosha. Daktari mzee alisema tungoje majuma, tusiharakishe. Waliagana nasi vizuri, kila mmoja na jibu lake. Muuguzi wa Bugarama, ambaye sasa alikuwa na cheti cha magonjwa ya kupiga mbizi, nilipomuuliza alifungua mikono miwili ikabaki wazi.

Wadogo zetu wa kike walikuwa wamebaki kwa jirani kule juu. Walitutumia salamu kwamba mdogo kabisa amekataa kula. Mdogo wangu alikuwa anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Nikangoja, nikaona jibu la kijana limepita na la daktari mzee halijafika, nikachagua siku katikati, bila sababu yoyote.

Tulipata lori la mpunga. Nilimwomba dereva asimame mara kwa mara, akakubali kabla hajaelewa ni mara ngapi.

"Unasikia nini?" nilimuuliza mdogo wangu kwenye kituo cha kwanza.

"Nasikia njaa."

Kwenye cha pili alisema anasikia magunia. Kwenye cha tatu dereva alitoa kichwa dirishani.

"Maman, huyu ni mgonjwa ao ni barriere ya kusimamisha magari? Mpunga itaota."

Mlima ulipokuwa umeshika kweli, na bonde limekuwa bluu nyuma yetu, mdogo wangu aligonga paa la lori mwenyewe. Lilisimama. Alisema goti la kushoto linawasha, kama sisimizi.

Tulishuka tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Nilimbana mguu, alisikia. Nilimchoma kwa mwiba, alisikia. Lakini lile goti liliwasha. Inawezekana lilikuwa limelalia gunia. Inawezekana ni lile povu. Hakukuwa na daktari wa kumuuliza, na hata kama wangekuwepo wote wawili ningepata majibu mawili. Chini kulikuwa na kitanda na mbu. Juu kulikuwa na wadogo zetu. Nilitamani mtu aje anipe amri.

"Turudi?" nilisema.

Alitazama chini, kisha juu. Dereva alikuwa amezima gari, anakula karanga.

"Yaya, wewe uliamua kushuka," alisema. "Hii ya kupanda nipe mimi. Tungoje hapa. Ikizidi, tunarudi. Ikibaki vile iko, basi huu ndiyo mguu wangu wa sasa, tutaishi nayo."

Tulingoja. Dereva alimaliza karanga, akalala. Lile goti halikuzidi na halikuacha. Mdogo wangu alisimama kwa fimbo, akatembea mpaka kwenye gurudumu la mbele na kurudi, akatembea tena.

"Tupande," alisema.

Nilikaa juu ya magunia, miguu yake mapajani mwangu, nikashika kidole gumba cha ule wa kushoto. Sikumuuliza kitu tena. Kila kona tuliyoipanda alikisogeza kidogo mkononi mwangu, na mimi nikajua kwamba mpaka kona hiyo, angalau, bado kipo.